Jivu na Moto
(Mahubiri kwa Zaburi ya 104, mstari wa 24 hata wa 30)



Naomba kila mtu afungue kwanza Zaburi ya 104 na kuisoma polepole tangu mstari wa 24 hata wa 30, maana hicho ndicho chakula chenyewe, na haya yangu ni mchuzi tu.

Mtunga Zaburi ameyatazama maji makubwa. Ameona viumbe vyake visivyohesabika, ameona na vyombo vya watu vikipita juu yao. Ungedhani atasimulia ukubwa wa maji, au ustadi wa mabaharia. Lakini sivyo. Asimulia habari ya kula. Viumbe vyote hivyo, kwake yeye, ni kama watoto wa nyumba moja walioketi kuzunguka chungu, wakimtazama mama anapofunua. Wote wangoja, mkubwa na mdogo, wala hakuna hata mmoja aliyeukamata mwiko mkononi mwake. Kisha aongeza neno zito: pumzi ya viumbe hivyo si mali yao, na miili yao si mali yao, ya kwanza hurudi kwake aliyeitoa, ya pili hurudi udongoni.

Sisi tukaao kaskazini mwa Ziwa Nyasa hatuna haja ya kwenda mbali ili tuyaone mambo haya. Asimame mtu pwani ya Matema, milima ya Livingstone ikiwa imetelemka mpaka majini kama ukuta, na mbele yake maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na kina chake mahali palipo chini kabisa ni kama meta 700. Wataalamu wanasema aina za samaki waliomo zazidi zile za ziwa lolote jingine ulimwenguni; wengine hukadiria aina 800, wengine hata 1,000. Hao wote hula kila siku. Wapata wapi?

Tuanze juu, kwenye jua, maana huko ndiko chakula chote kianzako. Jua hupiga juu ya maji, na katika maji yale mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho matupu, ni jamaa ya mwani. Mimea hiyo hushika nguvu ya jua na kuifunga ndani ya miili yake, pamoja na maji na hewa na chumvichumvi za udongo, kama vile mpunga ufanyavyo shambani Ipinda. Kiumbe kingine chochote cha ziwa hakijui kazi hiyo. Samaki hawezi kulila jua, wala kwazi, wala mwanadamu. Ni mimea peke yake iliyopewa kazi ya kuupika mwangaza uwe chakula, na sisi wengine wote twala jikoni mwake.

Mimea hiyo huliwa na wadudu wadogo mno wa majini. Wadudu hao huliwa na usipa. Usipa huliwa na mbasa, na mbasa huliwa na kwazi na mamba na sisi. Hivi ndivyo isemwavyo kwa ufupi, nami mara nyingi nimeisikia ikielezwa shuleni kana kwamba ni mnyororo ulionyooka. Afadhali tuseme ni jarife, wavu wenye macho mengi, kwa kuwa kila kiumbe chafungwa na wengine kwa nyuzi nyingi. Kwenye miamba ya Ikombe, kwa mfano, wako samaki wadogo wa rangi za kupendeza wanaokwangua mwani juu ya mawe mchana kutwa, wala hawana habari na usipa wa maji ya mbali. Hata hivyo jua lililowalisha ni lilelile.

Nitakaa kidogo juu ya mdudu mmoja, maana watu wengi humdharau. Nani wa pwani yetu asiyeyajua mawingu yale yanayosimama juu ya maji kama moshi wa nyika iliyochomwa? Mgeni hudhani chombo kinaungua. Kumbe ni inzi wadogo wa ziwa, ambao wenzetu wa Malawi huwaita kungu. Maisha yao mengi ni majini. Wakiwa viluwiluwi, miili yao hupenya nuru kama kioo. Mchana hushuka chini gizani, mahali penye hewa haba, ambapo samaki wengi hawawezi kuwafuata. Usiku hupanda kuwala wale wadudu wadogo niliowataja. Siku yao ikitimia, mara nyingi mwezi unapoandama, huivua ngozi ya kiluwiluwi na kuruka kwa maelfu ya maelfu. Mdudu mzima hali kitu. Huishi siku moja au mbili, huoana, hutaga mayai, hufa. Watu huzungusha vyombo vilivyopakwa mafuta katikati ya wingu lile, huwakusanya, huwaponda na kuwakanda wakawa mkate mweusi wa kitoweo. David Livingstone alipopita ziwani mwaka 1861 aliona mawingu hayo, akapewa na mkate huo akauonja. Basi fikirini: nguvu ya jua iliyoshuka majini kwa njia ya mwani, ikafika kilindini ndani ya kiluwiluwi, yatoka tena majini na kuja mpaka chunguni mwa mama wa pwani. Na mbayuwayu nao hupata fungu lao.

Sasa nawaomba walimu mtulie hapa, kwa kuwa ndipo penye somo lenyewe. Mwangalieni mama apikaye. Kuni alizozitia mekoni ni nini? Ni maji ya mvua, ni hewa, ni udongo kidogo, vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya jua. Anapowasha, ile kamba hukatika. Hewa hurudi hewani pamoja na moshi. Maji hurudi hewani pamoja na mvuke. Na ule udongo kidogo hubaki mekoni, nao huitwa jivu. Asubuhi mama hulizoa jivu na kulimwaga penye shina la mgomba, na mgomba hulila. Hakuna kilichopotea katika hayo. Lakini joto liko wapi? Limeingia chunguni, limeingia ukutani, limepanda kwenye makuti, limekwenda zake angani usiku. Nani atalizoa? Hakuna ufagio wala ungo wa kukusanya joto la jana ili liivishe wali wa leo. Jivu hurudi shambani, moto haurudi.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe vyote vyenye uhai. Vitu vya mwili huzunguka: samaki akifa huoza, akioza huwa mbolea, mbolea huwa mwani, mwani huwa samaki. Lakini ile nguvu, ambayo vitabu vya leo huiita nishati, haizunguki. Hupita. Huingia kwa jua, hutumika kuogelea na kuruka na kupumua na kupasha mwili moto, kisha hutoka kama joto, wala haionekani tena. Jua lisipotoa kesho, ziwa zima lafa njaa, hata kama mbolea imejaa.

Aliyeipima habari hii kwa hesabu ni kijana mmoja wa Marekani, jina lake Raymond Lindeman. Alichunguza ziwa dogo katika jimbo la Minnesota, liitwalo Cedar Bog Lake, akapima nguvu ya jua jinsi ipitavyo toka mimea ya majini hata wanyama walao wenzao. Alikuwa mgonjwa. Alikufa mwaka 1942 kabla hajatimiza miaka 27, na maandiko yake makuu yalichapwa baadaye katika mwaka uleule. Wanafunzi waliokuja nyuma yake hufundisha kanuni nyepesi, nayo ni ya kukadiria tu: kila nguvu ipitapo toka mlaji hata mlaji, hubaki kama fungu moja katika kumi. Mafungu tisa yamekwisha kutumika, au yametupwa bila kuliwa.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha watoto kwa mawe au kwa punje za mahindi. Ili mbasa aongezeke kilo moja, yafaa ale usipa kama kilo 10. Ili usipa hao wapatikane, walihitaji wadudu wadogo kama kilo 100. Na wadudu hao walihitaji mwani kama kilo 1,000. Ndiyo sababu usipa ni wengi kama mchanga, mbasa ni wa kuhesabika, na kwazi ni wawili tu juu ya mti mmoja mrefu. Na ndiyo sababu mtu maskini alaye ugali kwa usipa ala karibu zaidi na jua kuliko tajiri aliyeagiza mbasa kwa bei kubwa. Sisemi ni dhambi kula mbasa. Nasema tu kwamba sahani yake ni nzito kuliko ionekanavyo, maana chini yake pana sahani nyingi zilizokwisha kuliwa.

Katika Kutoka sura ya 16 twasoma habari ya mana. Waisraeli waliokota ya siku moja. Waliojaribu kuilaza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na harufu, isipokuwa ile ya kuamkia sabato. Zamani nilidhani, kama wengi wadhanivyo, kwamba hiyo ilikuwa kanuni ya jangwani tu, kwa watu wale, kwa miaka ile 40. Lakini tukiyatazama maji ya Kyela kwa hesabu ya Lindeman, twaona ya kuwa kanuni ya mana ndiyo kanuni ya chakula chote. Tajiri mwenye ghala la mpunga hakuhifadhi kitu ila jua la masika yaliyopita, na siku ya kulipika jua hilo laondoka. Dkt. Martin Luther, alipoyaeleza maombi ya mkate katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alisema kwamba Mungu huwapa watu wote mkate, hata waovu, hata bila kuombwa. Sisi twaomba ili tutambue kwamba tumepewa. Tena hakuutaja mkate peke yake. Alitia ndani yake shamba, na mifugo, na hali njema ya hewa, na serikali njema, na jirani mwaminifu. Ningethubutu kuongeza kwa ajili ya watu wa pwani: na mwani.

Jua ni la Mungu moja kwa moja, wala hatuwezi kulipunguza. Lakini lile jivu, yaani mbolea ya nchi na ya maji, limewekwa mikononi mwetu, na hapo ndipo tutakapoulizwa.

Ziwa letu lina ghala. Kuanzia kama meta 200 au 250 kwenda chini, maji hayana hewa ya kupumulia, na samaki hawakai. Kila kinachokufa juu huzama polepole, na sehemu yake hufika huko, huoza, na mbolea yake hukaa gizani. Ingekaa milele, na maji ya juu yangekuwa jangwa, kama usingekuwako upepo. Tangu mwezi wa tano hata wa nane huvuma upepo wa kusi, ambao upande wa Malawi huitwa mwera. Hupoza maji ya juu na kuyasukuma kwa nguvu, na hasa upande wa kusini mwa ziwa maji ya chini yenye mbolea hupanda mpaka penye nuru. Mvuvi siku hizo hukaa pwani akinung'unika, mtumbwi wake umepinduliwa mchangani, na mkewe amuuliza watakula nini. Lakini upepo ule ndio jembe la ziwa. Mungu analima, na mvuvi anangoja. Wala simlaumu mvuvi akinung'unika, kwa kuwa tumbo halijui kalenda.

Mbolea nyingine huja na mito. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hutelemka toka milimani zikichukua udongo wa Rungwe, ambao ni majivu ya volkeno ya zamani, na kila masika huumwaga juu ya mashamba yetu ya mpunga na mwishowe ziwani. Babu zetu walijua faida yake wakavumilia mafuriko. Lakini yako mafuriko ya kulisha, na yako ya kuzika. Mtu akifyeka ukingo wa mto mpaka majini, akalima matuta yanayotazama bondeni, udongo huja mwingi mno kwa siku moja. Huziba mahali mbasa atagapo mayai, hufunika miamba ambapo wale samaki wadogo hukwangua mwani. Tena likumbukwe neno hili: ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Shire huko kusini. Maji mengi hutoka kwa mvuke tu kwenda juu, na mvuke hauchukui udongo wala uchafu. Tulichokitia tumekitia nyumbani, na wajukuu wetu watakinywa.

Nimefika penye neno gumu. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama imetupasa kumzuia katika Meza ya Bwana mtu avuaye kwa chandarua. Wote mnajua asemalo. Vyandarua vilivyotolewa ili mtoto asiumwe na mbu vimeshonwa pamoja vikawa kokoro, nalo huvutwa ukingoni palepale ambapo samaki wachanga hujificha. Halichagui. Hutwaa mayai, hutwaa vifaranga, hutwaa mama. Wakati wa mvua wengine huziba mto kwa migono toka ng'ambo hata ng'ambo, mbasa wakipanda kwenda kutaga. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, Musa atoa amri juu ya jambo dogo kabisa: mtu akikuta kiota njiani, anaweza kutwaa makinda, lakini mama amwache aende. Ni amri ya ajabu kwa udogo wake, na ahadi iliyofungwa nayo ni ileile ya amri ya kuheshimu wazazi, yaani maisha marefu. Musa hakusema tusile. Alisema mkono wetu usifike mpaka chanzo.

Nilimjibu mzee hivi. Mjane mwenye watoto watano avutaye chandarua jioni ili wapate kitoweo hawezi kuletwa mbele ya baraza huku yule anunuaye ndoo nzima za samaki wachanga sokoni, ili awauze mjini, ameketi katika kiti cha mbele. Tukianza kuzuia, tuanze na kiti cha mbele. Lakini kabla ya kuzuia iko kazi nyingine. Usharika wenye ghala la sadaka ya mpunga waweza kuwanunulia wavuvi wake nyavu za macho yaruhusiwayo na sheria, nao wakarudisha thamani yake kwa mafungu. Kamati za wavuvi za mwambao zipo. Wazee wa kanisa na waende kwenye vikao vyake, wala wasiseme hayo ni mambo ya serikali. Luther alipoitia serikali njema ndani ya mkate alijua alitendalo.

Na asidhani mtu kwamba habari hii ni ya kitoweo tu. Kusini mwa ziwa, huko Cape Maclear katika Malawi, kichocho kiliongezeka sana tangu miaka ya 1980. Wachunguzi waligundua kwamba samaki walao konokono wamepungua karibu na ukingo kwa sababu ya kuvuliwa mno, na konokono wachukuao ugonjwa wameongezeka. Wakaona mambo haya mawili yanahusiana. Samaki yule hakuwa na sifa. Labda hakuna mvuvi aliyemwombea. Alikuwa akila konokono kimyakimya kila siku mbele ya nyumba za watu, na kwa kula kwake watoto walioga salama.

Wako pia wakubwa waliotaka kulitengeneza ziwa kwa akili zao. Katika karne ya 20 wataalamu wengine waliyatazama yale mawingu ya inzi wakasema: tazama, chakula kingi chaharibika, viluwiluwi wala wadudu ambao samaki wangekula, kisha waruka na kwenda zao. Wakatoa shauri waletwe dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wenzao wakasita, kwa maana wote walikwisha kuona mambo ya Ziwa Victoria, ambako sangara alitiwa katika miaka ya 1950 na ya 1960, na kufika miaka ya 1980 mamia ya aina za samaki wadogo wa asili walikuwa wametoweka au karibu kutoweka. Uchunguzi uliofanywa hapa Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba viluwiluwi wale hawapotei bure: samaki wa maji ya mbali huwala kwa wingi. Shauri likaachwa. Nyuzi za jarife zilikuwa zimefungwa pale, ila jicho la mwanadamu lilikuwa halijaziona.

Sipendi mahubiri yanayomgeuza kila mdudu kuwa mfano, mpaka msikilizaji hathubutu kumfukuza nzi usoni. Lakini swali moja huulizwa na wanafunzi wa ubatizo karibu kila mwaka, nalo lataka jibu. Huuliza: Je, Mungu mwema alimwumba kwazi ili aue? Mbona uhai wote wasimama juu ya kifo?

Zaburi yetu haikwepi. Mstari wa 21 waeleza kwamba hata ngurumo ya wana wa simba usiku ni maombi ya chakula kwa Mungu. Hapohapo Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 8, asema viumbe vyote vyaugua kama mwanamke mwenye utungu. Mimi siwezi kuyaunganisha maneno haya mawili kama seremala aungavyo mbao mpaka mshono usionekane. Nayashika yote mawili. Walio wazee kati yetu wanakumbuka kusikia jinsi watu wa zamani walivyopeleka sadaka kwenye pango la Kyala karibu na Ikombe, wakitaka mvua na chakula, wenye hofu nyingi kwamba mwenye kuitoa riziki ni mwenye kuiua pia. Hofu yao haikuwa upumbavu. Walikuwa wameliona ziwa.

Yuko samaki mmoja wa ziwa hili, wa jamaa ya kambale, ambaye Wamalawi humwita kampango. Yeye na mumewe huwalinda watoto wao katika kiota chini ya maji, na wachunguzi wameona mama akitaga mayai mengine yasiyo na uhai, si ya kuzaa, bali ya kuwalisha watoto waliokwisha kuzaliwa. Hutoa mwilini mwake, nao hula. Nimelitaja kwa sababu ni nadra. Karibu kila mahali majini njia ni moja: mdogo huliwa ili mkubwa aishi, na fungu moja tu katika kumi ndilo lipandalo. Wale tisa hakuna awakumbukaye.

Mezani pa Bwana njia hiyo imegeuzwa juu chini. Aliye Mkubwa kuliko wote ashuka mpaka mwisho wa jarife, ajitoa awe chakula, na wadogo ndio wanaokula. Wala hapungui mpaka kubaki fungu moja katika kumi. Yohana sura ya 6 yatuambia ya kwamba baada ya kula watu elfu tano vilibaki vikapu kumi na viwili, na Bwana akaamuru vipande vikusanywe. Yeye aliyeweza kuongeza mikate aliangalia makombo! Hebu tulifikiri jambo hilo, sisi tunaomwaga vichwa vya usipa njiani na samadi ya ng'ombe mtoni.

Sikukuu ya Mavuno yaja. Kila mtaa utaleta mpunga wake, ndizi, kakao, kuku. Wakisi wataleta vyungu vyao, kwa maana pwani yao ni mawe na tangu zamani udongo ndio shamba lao. Watu wa pwani wasione haya kuleta usipa kwa sababu ya harufu yake. Na uwekwe mbele, karibu na madhabahu. Naomba na jambo moja zaidi. Katika kila mtaa mama mmoja alete debe la jivu la mekoni mwake, liwekwe sakafuni katikati ya matoleo. Baada ya ibada wazee watanadisha vitu vingine kama ilivyo desturi. Jivu lisinadishwe. Watoto wa shule ya Jumapili walichukue kwa zamu, kila mmoja kata moja, walimwage penye migomba nyuma ya kanisa, na mwalimu awaulize njiani moto umekwenda wapi.